PG-13, R au Toleo Lisilokatwa? Kuchagua Filamu ya Kutisha ya Kisayansi

Mpwa wangu alikuwa ametimiza miaka 13 wiki ileile, na filamu ilikuwa na daraja la PG-13. Hesabu ilikubali, nikaiweka A Quiet Place (2018) bila wasiwasi wowote. Kuna sehemu mama wa ile familia anavuta gunia la nguo akipanda nalo ngazi za mbao. Gunia linanasa kwenye msumari, anavuta kwa nguvu, msumari unanyanyuka na kubaki umesimama wima. Basi. Hakuna aliyeumia, hakuna tone la damu. Ila familia ile inatembea pekupeku, maana viumbe vinavyowawinda havioni, vinasikia tu. Kuanzia pale mpwa wangu hakushughulika tena na viumbe. Alikuwa akitazama nyayo za kila anayekaribia ngazi. Na unyayo ukafika. Usiku ule aliniomba, "Mjomba, taa ya ukumbini usiizime."

Baada ya muda nikakaa na rafiki yangu, mtu mzima mwenzangu, tukatazama The Thing (1982), ambayo ni R na inastahili hiyo R. Kuna daktari anambonyeza mgonjwa kifuani kwa vyuma vya kushtua moyo, kifua kinafunguka kama kinywa chenye meno na kuikata mikono yake yote miwili. Rafiki yangu aliangua kicheko. Akala, akalala, asubuhi hakukumbuka kitu.

Kwa hiyo ukiniuliza uchague filamu ya daraja lipi, sitakujibu kwa kuangalia namba iliyo kwenye bango. Daraja linakueleza zaidi kile utakachokiona. Utakachokiogopa ni habari nyingine, na katika filamu za kutisha za kisayansi hayo mawili hutengana kuliko katika aina nyingine yoyote ya filamu ninayoijua.

Madaraja yenyewe, kwa kifupi

Marekani ilianza mfumo wake wa sasa mwaka 1968. PG-13, inayowaonya wazazi kwamba baadhi ya mambo huenda hayamfai aliye chini ya miaka 13, iliongezwa 1984, baada ya wazazi kulalamika kwamba filamu za PG, daraja lililo laini zaidi, zilikuwa zinawaonyesha watoto mambo mazito. Wanaopanga madaraja kule ni wazazi, na mtengenezaji asiporidhika anaweza kukata vipande na kuirudisha filamu, au akakata rufaa. R maana yake aliye chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi. Wengi hudhani R ni mlango uliofungwa, lakini mlango uliofungwa ni NC-17, ambayo imekuwepo tangu 1990.

Uingereza ina bodi yake, BBFC. Kwenye 12A, iliyoanza 2002, mtoto wa chini ya miaka 12 anaingia sinema akiwa na mtu mzima. Kwenye 15 haingii aliye chini ya 15 hata akishikwa mkono na babu yake. Bodi hii hutazama pia uzito wa hofu kwa jumla, ndiyo maana A Quiet Place, Cloverfield (2008) na M3GAN (2022), zote PG-13 Marekani, zilipewa 15 Uingereza. Filamu ni zilezile. Ningejua hilo mapema, mpwa wangu angelala. Na muda nao hubadilisha mambo: Alien ilipotoka 1979 Waingereza waliipa X, ya watu wazima peke yao, na siku hizi ina 15.

Vigezo nitakavyotumia

Vipo vinne, na kila chaguo nitalipitisha humohumo: hofu inajengwaje, damu na mwili vinaonyeshwaje, hadithi inahitaji kuonyesha kiasi gani ili ieleweke, na inamfaa nani. Hicho cha tatu ndicho ninachokipa uzito kuliko vyote, na ndicho watu wanachokisahau. Katika filamu ya muuaji mwenye kisu, damu ni matokeo. Katika filamu ya kiumbe kinachotaga ndani ya mtu, au mashine inayomchanganya mtu na mdudu, mwili ndio hadithi yenyewe.

Chaguo la kwanza: PG-13 (Uingereza 12A, mara nyingine 15)

*Hofu inavyojengwa.* Kwa sauti, kwa kusubirisha, kwa kitu kilicho nje ya fremu. Mwongozaji aliyenyimwa jeraha analazimika kukufanya ulitengeneze mwenyewe kichwani, na kichwa hakina bodi ya kukata vipande. Ule msumari ni mfano tosha. Inapokwama ni pale mtazamaji anapoizoea mbinu: mkono unanyanyuka, picha inarukia ukutani, unasikia kishindo, tunahamia kesho yake. Ikitokea mara ya nne unaanza kumwona mhariri na mkasi wake badala ya kumwona muuaji.

*Damu na mwili.* Hapa pana kichekesho kimoja. Damu nyekundu hubana daraja, damu ya rangi nyingine hupita. Katika Alien vs. Predator (2004), ya kwanza katika ukoo wote wa filamu za Alien na Predator kupewa PG-13, vifo vingi vya binadamu vinapitishwa harakaharaka au gizani, huku viumbe wenyewe wakichanwachanwa na kumwaga majimaji ya kijani bila shida. Predator: Badlands (2025) ilikwenda mbali zaidi, ikawaondoa binadamu kabisa. Mmoja wa wahusika wake wakuu amekatika kiunoni na kwa sehemu kubwa ya filamu anabebwa mgongoni kama mzigo, akiongea bila kukoma. Angekuwa mtu wa nyama na mifupa, PG-13 wangeisikia kwa jirani. Lakini ni roboti mwenye umbo la mwanamke, basi ni ruksa. Ukimchagulia mtoto filamu kwa kufuata daraja peke yake, kumbuka kwamba jicho la mtoto halipimi sana kama aliyekatika alikuwa na damu au mafuta.

*Hadithi.* PG-13 inatosha kabisa pale tishio linapowinda, linapoteka au linapovamia. Viumbe vinavyosikia, meli za angani zinazoshuka, mwanasesere wa roboti aliyependa kupita kiasi: hizo hazikudai uone utumbo wa mtu. M3GAN iliandikwa ikiwa na damu zaidi, kisha ikapunguzwa na baadhi ya vipande kupigwa upya ili ifike PG-13, baada ya trela ambamo mwanasesere huyo anacheza ngoma koridoni kusambaa kwa vijana mitandaoni. Ilitengenezwa kwa dola milioni 12 hivi, ikaingiza zaidi ya milioni 170. Usishangae studio zinaipenda namba 13.

Inapopwaya ni pale mwili wenyewe unapokuwa ndiyo habari. Viumbe vya Alien vinazaliwa kwa kupasua kifua cha mwenyeji wao. Ukiupitisha uzazi huo kwa sekunde mbili gizani, mtazamaji mgeni anaelewa kwamba mtu amekufa, basi. Hajaelewa kwamba mtu ametumiwa.

*Inamfaa nani.* Anayetazama na vijana, kundi lenye watu wa vifua tofauti, na mtu anayependa kuogopa ila hapendi kuona nyama. Haimfai anayeteswa na mawazo yake mwenyewe usiku. Kwa mtu wa hivyo, kinachofichwa ni kibaya kuliko kinachoonyeshwa.

Chaguo la pili: R (Uingereza 15 au 18)

*Hofu inavyojengwa.* Watu hudhani R ni hofu ya kumwagiwa ndoo ya damu. Filamu nzuri za daraja hili huitumia damu kama mtu anavyotumia pilipili.

Rudi mezani kwenye Alien. Wafanyakazi wa chombo wanakula, wanataniana, mwenzao aliyekuwa amezimia ameamka na ana njaa. Anaanza kukohoa. Wanadhani amepaliwa. Wanamlaza mezani, anatupa miguu, na kwenye fulana yake nyeupe linatokea doa jekundu ambalo halikuwepo. Wote wanarudi nyuma. Kimya. Halafu fulana inapasuka. Waigizaji walijua kuna kitu kitatoka, hawakuambiwa damu itaruka kiasi gani, na yule mwanamke anayerushiwa usoni anashtuka kwelikweli. Damu inaonekana kwa muda mfupi mno ukilinganisha na urefu wa filamu. Lakini baada ya hapo kila korido tupu ina uzito, kwa sababu umeshaonyeshwa bei.

*Damu na mwili.* Hapa ndipo mafundi wa mpira, gundi na rangi wanapopewa nafasi. Kwenye ile sehemu ya daktari wa The Thing, aliyesimama mbele ya kamera wakati mikono inakatika alikuwa mtu ambaye kweli hana mikono, akiwa amevalishwa mikono ya bandia. The Fly (1986) ilipata Oscar ya vipodozi, na ukiitazama unaona sababu. Mwanasayansi anasimama mbele ya kioo cha bafuni, anaminya kidole, ukucha unang'oka. Anautazama kama mtu anayesoma majibu ya hospitali. Kile kipande kinachukiza, ndiyo, lakini kilichonibana mimi ni huzuni. Ni mtu anayeshuhudia ugonjwa wake, na kila kinachoanguka hakirudi.

Ubaya wa daraja hili ni ganzi. Muendelezo wa ile Alien vs. Predator, uliotoka 2007, ulirudi kwenye R na kuongeza ukatili hadi wodi ya wazazi. Picha yenyewe ina giza kiasi kwamba damu yote ile kuna wakati huioni, na ninapoiona haniumi yeyote kwa sababu hakuna mhusika niliyemjua jina. Iliingiza pesa kidogo kuliko ile ya kwanza iliyolaumiwa kwa kuwa laini. R si dawa, wala haiuzi peke yake. Pia haiui soko: Alien: Romulus (2024) ni R na ilipita dola milioni 340.

Halafu, jambo la pembeni: Marekani filamu hupewa R hata kwa matusi peke yake. Soma ule mstari mdogo chini ya herufi, unaotaja sababu. Mmoja utakuambia ni lugha, mwingine utakuambia ni damu na ukatili wa kisayansi. Hizo ni jioni mbili tofauti.

*Hadithi.* The Thing inahusu kiumbe kinachoiga mtu yeyote, na kila kipande chake ni mnyama anayejitegemea. Hiyo kanuni haiwezi kuelezwa kwa maneno ukaiamini. Ni lazima uone kichwa kikijitenga na mwili na kuota miguu, ili baadaye, wanapochoma damu ya kila mmoja kwa waya wa moto kwenye visahani vya maabara, ujue kwa nini tone moja tu linaweza kuruka. Na hiki kipande cha visahani, ambacho kwa sehemu kubwa ni watu waliofungwa kwenye viti wakisubiri, ndicho kinachotisha kuliko vyote. Nyama ilitumika kufundisha. Hofu ikaja baadaye.

Nilikuwa natamba na hoja hii mpaka mtu akanikumbusha Invasion of the Body Snatchers ya 1978. Nayo ni watu kubadilishwa na nakala zao, tena ina picha za kuchefua, na Marekani iliipa PG. Kweli, PG-13 ilikuwa bado haijazaliwa, na leo isingepata PG. Hata hivyo inaonyesha kwamba wazo lilelile linaweza kubebwa na nyuso zisizo na hisia na ukelele mmoja wa kutoboa masikio. Kwa hiyo sisemi hadithi za mwili haziwezekani bila R. Nasema zikinyimwa mwili zinahitaji mwongozaji mwenye kitu kingine mkononi, na si wengi wanacho.

*Inamfaa nani.* Mtu mzima anayetaka hadithi za maambukizi, mabadiliko ya mwili na majaribio yaliyoharibika. Na mpenzi wa ufundi, anayesimamisha picha kuuliza walifanyaje. Haimfai anayetazama huku anakula, na naliandika hilo kwa uzoefu.

Chaguo la tatu: toleo lisilokatwa, lisilo na daraja

*Hofu inavyojengwa.* Mara nyingi ni ileile. Mpangilio wa filamu ulishaamuliwa. Kinachoongezwa ni sekunde za hapa na pale.

*Damu na mwili.* M3GAN ina toleo la namna hii, na tofauti yake ni damu kwenye vipande vichache ambavyo sinema ilivikwepa. Alien vs. Predator nayo ilitolewa toleo la kutazama nyumbani lenye damu zaidi, na kwangu haikuokoa kitu, maana mashimo ya hadithi hayazibwi kwa rangi nyekundu. "Haina daraja" maana yake toleo hilo halikupelekwa kupangiwa. Linaweza kuwa kali, linaweza kuwa lilelile lenye dakika nne za mazungumzo. Ni maneno ya kuuzia.

Usilichanganye na toleo la mwongozaji. Lile la Alien la 2003 limeongezewa vipande na kupunguzwa vingine, na jumla yake ni fupi kwa kama dakika moja kuliko la 1979. Na usisubiri lile ambalo halipo: Event Horizon (1997) ilipunguzwa sana kabla ya kutoka, sehemu kubwa ya vilivyokatwa ilipotea, na anayekuahidi toleo kamili anakudanganya.

Zipo chache zilizozaliwa hivyo tangu mwanzo. Re-Animator (1985) ilitoka bila daraja kwa kusudi, na uchizi wake wote umejengwa juu ya kutojizuia. Hiyo ukiikata haibaki filamu.

*Hadithi.* Nitalimaliza haraka: ni nadra kubadilika.

*Inamfaa nani.* Aliyekwisha kuiona ya sinema na akaipenda. Kwa mtazamo wa kwanza, mimi huanza na ya sinema.

Ukiwa katika hali hii

*Una kijana wa miaka 12 hadi 14.* PG-13, lakini tafuta pia Uingereza waliipa nini. Wakikubaliana kwenye 12A, kama ilivyokuwa kwa War of the Worlds ya 2005, uko mahali pa kawaida. Ikiwa kule ni 15, itazame peke yako kwanza, au walau kaa naye na rimoti iwe kwako. Usiulize tu "kuna damu?" Uliza anaogopa nini. Mtoto anayeogopa giza na sauti atateseka na filamu isiyo na tone la damu.

*Mko kundi, wengine wagumu na wengine waoga.* PG-13 ya viumbe au uvamizi. Waoga watashikana mikono, wagumu hawatachoka. Mwanasesere wa M3GAN anafaa hapa kuliko wote kwa sababu nusu yake ni kichekesho.

*Uko peke yako na hujawahi kuona hata moja ya zile kubwa.* Anza na Alien, usianze na The Thing. Alien inakupa muda wa kuizoea hewa ya mle ndani kabla ya kukudai chochote.

*Damu inakuzungusha kichwa, lakini hadithi za mabadiliko ya mwili unazipenda.* Ile Body Snatchers ya 1978. The Fly iache, hata kama watu watakuambia ni hadithi ya mapenzi. Ni kweli ni ya mapenzi, na ukucha bado unang'oka.

*Unatengeneza filamu yako fupi na hujui uende upande gani.* Chukua hadithi yako, ondoa kila jeraha linaloonekana, msimulie mtu. Akiielewa na kushtuka, huna haja ya damu nyingi na watazamaji wako watakuwa wengi zaidi. Akikuuliza "kwa hiyo kilimfanya nini?", basi kuna kitu unalazimika kukionyesha. Kionyeshe mara moja, vizuri, mapema.

*Umeiona filamu, ukaipenda, sasa unaona toleo lenye jina refu zaidi dukani au mtandaoni.* Angalia urefu wa matoleo yote mawili kabla ya kulipa. Tofauti ya dakika mbili huwa ni damu. Tofauti ya dakika ishirini huwa ni filamu nyingine.

Mpwa wangu sasa ana miaka 16. Alien tumeitazama pamoja, mchana, na alipofika pale mezani alisogea mbele kwenye kiti, bisi mkononi, akaniuliza fulana ile waliipasuaje. A Quiet Place amekataa kuirudia.